Handil ni Hisa: Hesabu Iliyofichwa Ndani ya Ushirika wa Wabanjar

Ukipanda na mto Barito, huko Kalimantan Kusini nchini Indonesia, kutoka baharini, pande zote mbili utapita midomo ya mifereji myembamba, mmoja baada ya mwingine, kama meno ya kitana. Kila mfereji umenyooka kuelekea bara, kilomita mbili au tatu hivi, na kila mmoja una jina lake. Pembeni yake kuna nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, na nyuma ya nyumba kuna mpunga. Wenyeji wanauita handil. Ulichimbwa kwa mikono, na watu waliokubaliana kuuchimba, kisha kila aliyechimba akapata kipande chake cha ardhi kando ya maji.

Wanaoandika juu ya Wabanjar, wenyeji wa huko, wanaupenda sana mfereji huu. Wanautaja kama ushahidi wa roho ya kale ya kusaidiana, roho ambayo eti sisi watu wa mijini tumeipoteza. Hadithi ni tamu, ila inaharibiwa na neno moja, nalo ni handil lenyewe. Wataalamu wa kilimo cha huko wanalirudisha kwenye neno la Kiholanzi aandeel, yaani hisa. Wakulima waliosimama matopeni hadi kiunoni kuchimba mfereji walichagua kuuita kwa neno la wafanyabiashara, na nadhani walijua walichokuwa wakikisema.

Hapo ndipo ninapoachana na wasifu wa kawaida wa ushirika wa Wabanjar. Kwa macho yangu, kilichowafanya washirikiane vizuri kuliko wengi ni hesabu. Kila mtu alijua nani ametoa nini, nani anadaiwa siku ngapi, na mfereji unapita kwa nani. Hesabu hiyo inaposomeka, ushirika unaendelea. Ikifutika, linabaki jina tu.

Kwa asiyewajua: Wabanjar ni watu wa Kalimantan Kusini, katika kisiwa cha Borneo upande wa Indonesia. Sensa ya 2010 ilihesabu zaidi ya milioni 4 nchi nzima. Ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mji wao mkuu wa kihistoria, Banjarmasin, unahesabu kuzaliwa kwake kuanzia 1526, mwaka wa Sultani Suriansyah. Lugha yao ni ndugu wa Kimalay, na imekuwa lugha ya soko na ya mto kwa makabila mengine ya Kalimantan, kazi ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa bila kuelezwa. Wengi walihama, jambo wanaloliita madam, wakaenda Tembilahan huko Sumatra na Perak huko Malaya, na kila walikofika kwenye kinamasi walifanya jambo lile lile: walichimba mifereji.

Kwa nini mifereji? Kwa sababu ya maji. Mifereji ya jadi ya nyanda za chini za Barito kwa kawaida haina mlango wa kufunga wala bwawa la kufungulia. Bahari ikijaa, inausukuma mto urudi nyuma, na maji matamu ya mto yanaingia handil hadi shambani. Bahari ikipwa, maji yanatoka. Mtu wa pwani yetu anayejua bamvua na maji mafu angeweza kulima huko baada ya mwezi mmoja wa kufundishwa. Ila kuna sumu chini. Udongo wa kinamasi kile una madini ya pairiti. Ukikauka na hewa ikaingia, madini hayo yanageuka asidi, na asidi inaua mpunga. Dawa yake ni maji yaingie na kutoka bila kuzuiwa, yaioshe ardhi kila siku.

Sasa fikiria handil yenye familia arobaini, na mmoja wao, katikati ya mfereji, ameacha magugu yajae kwenye kipande chake. Walio juu yake hawapati maji ya kuosha shamba. Uzembe wa mmoja unaunguza mpunga wa ishirini. Huwezi kuhama jirani, huwezi kumzunguka, na huwezi kujitegemea hata ukiwa tajiri. Kwa hiyo kuna mkuu wa handil, anayeita watu kwa siku ya kusafisha na kukusanya mchango. Asiyeweza kufika anatoa kitu badala yake. Sioni haja ya kutafuta roho ya kale hapo. Maji yenyewe yanatosha kuwa askari.

Mfereji mwingine unaojulikana zaidi ni Sungai Tuan, karibu na mji wa Martapura. Sheikh Muhammad Arsyad al-Banjari alirudi kutoka Makka mwaka 1772 baada ya miaka mingi ya masomo, akapewa na sultani ardhi ambayo haikuwa na maana kwa mtu yeyote. Akafungua kijiji cha Dalam Pagar, akafundisha, na pamoja na wanafunzi wake akachimba mfereji wa kuleta maji mashambani. Ukaitwa mto wa Tuan, mto wa Bwana. Fikihi yake inasomwa hadi leo katika ulimwengu wa Kimalay, lakini nakiri kwamba mfereji ndio unaonivutia mimi. Mwanachuoni aliyeanza na koleo alijua wanafunzi wake watakula nini.

Upande wa pili wa mizani upo Anjir Serapat, mfereji mkubwa wa takribani kilomita 28 unaounganisha mito ya Barito na Kapuas Murung, uliochimbwa mwishoni mwa karne ya 19 chini ya Waholanzi. Huu nao ulichimbwa kwa mikono ya wengi. Ukiutazama kutoka juu huwezi kuutenganisha na handil ila kwa ukubwa. Lakini anjir ilitoka kwa serikali na handil ilitoka kwa wenye hisa. Tofauti hiyo haionekani kwenye maji. Inaonekana siku ya kusafisha, pale mtu anapouliza huu ni mfereji wa nani.

Tutoke kwenye mfereji tuingie shambani. Mpunga wa asili wa Wabanjar, mbegu kama Siam na Bayar, ni wa taratibu mno. Tangu kusia hadi kuvuna ni karibu mwaka, na mche unahamishwa zaidi ya mara moja: unaanza kitaluni, unahamishiwa sehemu ya kukulia, kisha unagawanywa na kupandwa shamba kuu maji yanaposhuka, ukiwa umesharefuka kiasi cha kutozama. Kabla ya hapo wanaume wamekata majani kwa tajak, chombo chenye bapa refu na mpini mrefu kinachopigwa kwa kuzungusha mwili mzima, binamu wa fyekeo letu. Majani hayachomwi. Yanaviringishwa kuwa mabonge, yanaachwa yaoze ndani ya maji, yanageuzwa, kisha yanatandazwa shambani kuwa mbolea.

Kazi ya kupandikiza inafanywa zaidi na wanawake, na ndiyo yenye haraka, kwa kuwa maji hayasubiri. Hapa ndipo penye desturi inayoitwa handipan, au baharian kwa wengine, neno lenye hari ndani yake, yaani siku. Wanawake kumi wanaingia shamba la mmoja wao asubuhi, kila mmoja na mti wake wa kutobolea udongo, wanakwenda nyuma kwa safu, shimo, mche, shimo, mche, huku maji yakiwa magotini. Mwenye shamba analeta chai na vitu vya kutafuna. Kesho wanahamia kwa mwingine. Mwishoni kila mmoja ametoa siku tisa na kupokea siku tisa. Anayeugua anamtuma binti yake. Asiye na binti anabaki na deni, na deni hilo linakumbukwa msimu ujao bila kuandikwa popote.

Watu wa pwani ya Tanzania wana neno kiwili kwa jambo linalofanana na hili, na milima ya kaskazini ina msaragambo. Sitaki kusema ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba msomaji wetu hahitaji kamusi ili kujua mwanamke anayekosa siku yake anatazamwaje kisimani.

Siku hizi handipan imepungua, na malipo yameingia. Shamba linapimwa kwa borongan, mraba wa mita 17 kwa 17, na mpandaji analipwa kwa idadi ya borongan alizomaliza. Hekta moja ina kama 35. Wazee wanasikitika, na waandishi wanasikitika pamoja nao: pesa imeua undugu. Mimi sina haraka ya kusikitika.

Tuitazame handipan kwa jicho la mwanamke asiye na shamba. Anatoa siku tisa, anarudishiwa siku tisa, azipeleke wapi? Ubadilishanaji wa siku kwa siku ni wa haki kati ya watu wenye mashamba yanayokaribiana. Kwa asiye na ardhi ni mlango uliofungwa kwa heshima. Hata kati ya wenye ardhi, mwenye borongan 70 na mwenye borongan 20 hawako sawa, maana siku zina idadi moja lakini mmoja ana kazi ya siku nyingi na mwingine anamaliza kabla ya adhuhuri. Ujira wa borongan ulimpa maskini kitu ambacho undugu haukumpa: pesa au debe la mpunga mkononi, leo. Nasema debe kwa makusudi. Huko wanapima kwa blek, bati lile lile la lita 20 lililozunguka dunia likiwa na mafuta ya taa na kuishia kuwa kipimo cha nafaka kwao na kwetu.

Kwa hiyo hesabu ya shambani ilibadilishwa na hesabu nyingine, na waliopoteza si wote. Mambo yanakuwa tofauti kabisa tukiingia jikoni.

Mbanjar akioza au akifanya maulidi, chakula hakipikwi na wanawake peke yao wala hakiagizwi. Kinapikwa na wanaume wa jirani, nje, katika kazi inayoitwa pangawahan, kutokana na kawah, karai la chuma ambalo mtoto anaweza kuoga ndani yake. Usiku wa kuamkia shughuli makarai yanapangwa kwa safu juu ya mitaro iliyochimbwa ardhini, na magogo ya kuni yanasukumwa chini yake. Mchele unamiminwa kwa magunia. Mwiko ni wa mti, mrefu kama kasia, na anayekoroga anasimama miguu ikiwa imepanuka, uso umegeuzwa pembeni kuukwepa moshi, akivuta kwa mgongo kama anayepiga makasia. Kuna fundi mmoja mwenye umri, haangalii saa. Anatazama mvuke, anaamrisha moto upunguzwe, na kijana anachomoa gogo moja. Wali ukiachwa dakika chache zaidi ni ukoko mtupu, na watu mia tano watakula ukoko.

Pembeni wanawake wanasaga pilipili kavu kwa ajili ya masak habang, mchuzi mwekundu wa kuku, mayai au samaki wa haruan, mchuzi unaoonekana mkali kuliko ulivyo. Na kama shughuli ni kubwa, kuna gangan humbut, mchuzi wa moyo wa mnazi, lile shaha jeupe la kileleni. Hili nalipenda kwa sababu halidanganyi. Ukila shaha, mnazi umekufa. Mtu fulani ametoa mnazi mzima, miaka ya nazi zake zote, kwa ajili ya harusi ya mtoto wa jirani, na kila anayechota mchuzi anajua umekatwa shambani kwa nani.

Hapa pesa haijashinda, na nadhani sababu ni kwamba kila mwenye nyumba atakuwa na harusi na atakuwa na msiba. Asiye na shamba ana binti. Asiye na binti atakufa. Duru ya jikoni haimfungii mtu mlango kama ilivyokuwa duru ya shambani. Na kukosekana kunaonekana: kijana wa mtaa asiyeshika mwiko kwa wenzake atajikuta siku yake amesimama na makarai na magunia, bila watu.

Msiba ndio wenye mpangilio mkali zaidi. Mitaa mingi ina rukun kematian, chama cha kuzikana, chenye mchango wa kila mwezi mdogo usiomshinda mtu. Akifa mwanachama, sanda ipo, mbao za kaburi zipo, wachimbaji wapo, turubai na viti vinaletwa kabla mfiwa hajafikiri kuviomba. Majirani wanakuja na mchele. Kisha zinafuata siku za kukumbuka, nazo ni nyingi kuliko arubaini yetu: ya tatu, ya saba, ya ishirini na tano wanayoiita manyalawi, ya arobaini, ya mia, halafu kila mwaka. Kila siku kati ya hizo watu wanakaribishwa kwa mdomo, wanasoma, wanakula.

Msomaji aliyewahi kuketi kwenye kamati ya msiba atauliza swali lililo wazi: nani anagharamia siku zote hizo? Ndiyo, zinaelemea. Mfiwa anaweza kukopa ili apokee faraja. Chama cha kuzikana kinalipia kaburi lakini hakilipii siku ya mia, na siku ya mia jicho la mtaa liko wazi kama siku ya kwanza. Hesabu inayomlinda mtu ndiyo hiyo hiyo inayomkaba. Sijaona ushirika wowote, wao au wetu, uliofanikiwa kuwa na upande mmoja tu wa sarafu hii.

Banjarmasin mjini kuna kitu kingine, na laiti ningeweza kukipeleka Dar es Salaam kesho. Mji ule umejengwa juu ya maji, nyumba za mbao zimebanana, na moto ukishika nyumba moja unakula mtaa. Kwa hiyo mitaa imejiundia vikosi vyake vya zimamoto, BPK kwa kifupi, na viko mamia. Ni watu wa kawaida: muuza vipuri, dereva wa bodaboda, mwanafunzi, mwalimu. Wana gari dogo la mizigo lenye pampu nyuma, mipira ya maji, redio za mkononi, na sare waliyoinunua wenyewe. Fedha zinatoka kwa michango, mara nyingine kwa ndoo inayopitishwa kwa madereva barabarani. Maji hayana bili, maana mto uko nyuma ya nyumba. Ukisikika wito, magari kadhaa yanafika pengine kabla ya lile la serikali, mpira unatupwa mtoni, pampu inanguruma.

Kasoro zake zinajulikana pia, na watu wa Banjarmasin wenyewe ndio wa kwanza kuzilalamikia. Vikosi vinashindana. Magari yanakimbizana kwa ving'ora kutoka kona ya pili ya mji ili yafike mapema, na ajali zimeua watu ambao moto usingewafikia kamwe. Kichochoro kimoja kinajaa magari kumi na mawili na hakuna anayeweza kugeuza. Ushujaa umekuwa fahari ya mtaa, na fahari haina breki. Hata hivyo, ukiwauliza wakazi kama wangependa vikosi vivunjwe wabaki na gari la serikali peke yake, sidhani utapata wengi wa kukubali. Wameshaona kilichoungua na kilichookolewa.

Kauli mbiu ya mji huo ni kayuh baimbai, kupiga makasia kwa pamoja. Maafisa wanaipenda kwa sababu inafaa kwenye bango. Watu wa mitumbwi wanajua inadai zaidi: makasia yasiyoingia majini kwa wakati mmoja yanaizungusha mashua pale pale.

Nafika sasa mahali ambapo hoja yangu inayumba, na sitaificha. Kila mwaka tarehe 5 Rajabu, Martapura inajaa watu kwa ajili ya hauli, kumbukumbu ya kila mwaka ya kifo, ya Sheikh Muhammad Zaini Abdul Ghani, aliyeitwa Guru Sekumpul, yaani mwalimu wa Sekumpul, mtaa wa Martapura, aliyefariki Agosti 2005. Wanahesabiwa kwa mamilioni. Wanatoka mikoa yote ya Kalimantan, Java, na hata Malaysia. Na njiani kote, umbali wa masaa kutoka Martapura, watu wametoka majumbani na kusimama kandokando ya barabara wakigawa. Wali bure. Maji bure. Petroli bure kwa pikipiki. Mafundi wanaziba pancha bure. Wenye nyumba wanafungua milango na wageni wasiowajua wanalala sebuleni. Majiko ya makarai yanawaka usiku na mchana, na vijana wa kujitolea wanaelekeza magari, wanaokota taka, wanaosha vyombo.

Hakuna anayerudishiwa. Mwendesha pikipiki aliyejaziwa tangi na mtu wa wilaya ya Tapin hataonana naye tena. Siku kwa siku haipo hapa, wala mkuu wa handil, wala jicho la mtaa. Mtu mwenye nadharia ya hesabu kama mimi anabaki ameshika kalamu.

Ninachoweza kusema ni kwamba deni lipo, ila mdai ni mwingine. Guru yule aliwafundisha watu miaka mingi, majlisi yake ilikuwa wazi kwa wote, na wengi wanahisi wanadaiwa naye. Kwa kuwa hawawezi kumlipa, wanawalipa wageni wake, na wanatarajia baraka. Alikuwa pia mtu aliyeieneza maulidi ya Habshi katika nchi ya Wabanjar, ile ile iliyotoka Seiyun ya Hadhramaut na ambayo Habib Swaleh aliileta Lamu. Mtu wa Lamu aliyezoea siku za maulidi, nyumba zinavyofunguliwa na sinia zinavyopita mikono, angefika Sekumpul na kujua wapi pa kuvua viatu.

Lakini nguvu hii ya siku chache haihamishiki. Ni rahisi zaidi kugawa petroli mara moja kwa mwaka kwa mgeni wa guru kuliko kung'oa magugu kwenye mfereji kila mwezi pamoja na jirani mliyegombana. Nalisema hili bila dharau. Ibada na matengenezo ni kazi mbili.

Na serikali? Juni 1, 1945, Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Indonesia, alisema kwamba misingi yote mitano ya taifa analopendekeza ikikamuliwa inabaki mmoja, gotong royong, kushirikiana kazi, na kwamba dola ya Indonesia iwe dola ya gotong royong. Lilikuwa neno zuri kwa taifa lisilo na fedha. Zama za Suharto, rais aliyemfuata, likawa chombo cha mipango: kijiji kinapewa fedha kidogo, na pengo linajazwa kwa nguvu za wananchi wanaoitwa wajitolee na ambao hawana njia ya kukataa. Sisi tunaifahamu njia hiyo. Harambee ya Kenya ilichakaa mikononi mwa wanasiasa kiasi kwamba sheria ya maadili ya 2003 ililazimika kuwabana watumishi wa umma wasitumie vyeo vyao kuichangisha.

Januari 2021 Kalimantan Kusini ilifurika. Karibu wilaya zote za mkoa ziliguswa na maji, zaidi ya watu laki moja wakahama makwao. Serikali ilitaja mvua. Wanamazingira wakataja migodi ya makaa ya mawe na mashamba ya michikichi juu milimani. Kwa siku kadhaa waliookoa watu walikuwa watu: mitumbwi ya injini, majiko ya makarai yaliyohamishwa kwenye misikiti na shule, vijana wa BPK na mipira yao. Sifa zikamiminika kwa moyo wa gotong royong. Katika sifa hizo sikuona mtu akiuliza kwa nini mtaa ndio uliokuwa na mtumbwi tayari.

Baadaye kundi la waathirika lilifungua kesi ya pamoja dhidi ya gavana katika mahakama ya utawala ya Banjarmasin. Magazeti hayakuiita kesi hiyo gotong royong. Mimi ningeiita handil: watu wanaokaa kwenye maji yale yale, kila mmoja na kipande chake cha hasara, wamemfuata aliyeacha magugu kwenye sehemu yake ya mfereji.

Ng'ambo ya mji, upande wa Barito Kuala, kuna mahali panaitwa Handil Bakti. Bakti ni utumishi, kujitoa. Zamani palikuwa pa mpunga kama kwingine. Leo ni nyumba za mkopo, safu kwa safu, na wanaoishi humo wanafanya kazi Banjarmasin na kurudi jioni. Hisa wanayoilipa kila mwezi inakwenda benki. Mfereji ungalipo sehemu nyingine, umefunikwa na magugu maji na chupa za plastiki, na mkuu wa handil, hata akiwapo, hajui abishe hodi kwenye mlango upi. Siku ya moto, kiangazi, kikosi cha mtaa kinafika mbio na kutupa mpira mferejini, na pampu inanyonya tope.